Mgombea wa Muhogo. Sehemu ya Tisa: Kura za Huruma

"Umetoboa wapi?"

Wiki iliyopita tulimwacha Pak Rasmadi akiuliza swali hilo kwa kunong'ona, huku akiwatabasamia watu waliojaa uwanjani. Mkewe, Bu Kuswati, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye kibanda cha kura. Alipanda jukwaani, akakaa kwenye kiti chake kando ya mumewe, akaiweka sawa blauzi yake ya kijani ya kebaya, ndipo akajibu.

"Puani."

"Pua ya nani?"

"Yangu."

Pak Rasmadi akacheka. Akacheka mpaka kitambaa cha batiki alichojifunga kichwani kikamteremkia kwenye nyusi.

"Mama Ratri, utaniua wewe. Hata leo unanitania?"

"Sikutanii, Baba Ratri. Msumari umeingia hapa." Akajigusa ncha ya pua.

Mume akacheka tena, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni mepesi. Pak ni Bwana, Bu ni Bi. Wedisari ni kijiji kidogo cha pwani ya kaskazini ya Jawa, juu kuna mashamba ya mpunga, chini kuna mabwawa ya samaki na tope. Uchaguzi wa mkuu wa kijiji hauruhusiwi kuwa na mgombea mmoja. Pak Rasmadi, aliyekaa kwenye kiti hicho miaka sita, hakupata mtu wa kushindana naye, basi akafanya kama wafanyavyo wakuu wengi wa pwani ile. Akamwandikisha mkewe. Yeye akachukua alama ya mpunga, mke akapewa muhogo. Kwenye karatasi ya kura kila alama ina picha ya mgombea wake, na mpiga kura huitoboa kwa msumari picha anayoitaka. Kazi ya muhogo ilikuwa kukaa jukwaani kutwa nzima, kupunga mkono na kushindwa.

Lakini siku kumi kabla ya kura, Bu Kuswati alisikia habari. Uwanja wa mdomo wa mto, pale wanawake wanapoanika uduvi wa kutwangia terasi, kile kiungo cha mchuzi, ungekodishwa miaka ishirini kwa kampuni ya mjini, ichimbe mabwawa ya kufugia kamba. Wanawake arobaini wanakula kutokana na uwanja ule. Binti yake Ratri ni mmoja wao, na Ratri amekwishajaza fomu za kwenda Taiwan kutunza wazee wa watu. Anachosubiri ni kuona kama uwanja unabaki au unakwenda.

Bu Kuswati alimwuliza mumewe. Mumewe akamwambia asijichoshe na maneno ya vibandani.

Tangu siku hiyo Bu Kuswati anataka mambo mawili: uwanja ubaki, na mume abaki wake. Leo saa saba mchana, Mwalimu Tasripin, mwenyekiti wa kamati, aligonga gogo la kijiji la kuitia watu mara tatu. Kura zikafungwa.

Masanduku yalikuwa mawili, moja la kitongoji cha juu na moja la kitongoji cha chini. Mwalimu Tasripin akaanza na la juu.

Alikuwa mtu wa taratibu. Alifungua kila karatasi kwa vidole viwili, akaiinua juani, akatafuta tundu la msumari, akaionyesha kushoto, akaionyesha kulia, ndipo akatamka.

"Mpunga!"

"Halali!" umati ukaitikia.

"Mpunga!"

"Halali!"

"Mpunga!"

"Halali!"

"Muhogo!"

Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Pak Rasmadi naye akapiga makofi, tena kuliko wote.

"Umeona?" akamwambia mkewe. "Hutaondoka mikono mitupu."

"Muhogo!"

Makofi tena.

Kufikia muhogo wa kumi makofi yalikuwa yamepungua. Kufikia wa thelathini hakuna aliyepiga. Kufikia wa sitini Pak Rasmadi alikuwa amekunja miguu chini ya kiti na kuikunjua mara nne. Sanduku la juu likaisha. Ubaoni, mpunga mia moja sabini na moja, muhogo tisini na sita.

Kitongoji cha juu ni cha wakulima wa mpunga. Ni ndugu zake, rafiki zake, watu waliokula wali wake majuma matatu. Pak Rasmadi akainamia ukingo wa jukwaa.

"Darsono! Njoo hapa."

Darsono, binamu yake na mkuu wa kampeni yake, akaja na sigara ya karafuu mdomoni.

"Tisini na sita," Pak Rasmadi akasema. "Hao ni akina nani?"

"Labda wageni, Kaka. Wapangaji."

"Wedisari ina wapangaji?"

"Wawili."

"Darsono."

Darsono akatoa sigara mdomoni. "Sasa Kaka, si wewe ulisema tumpe kidogo?"

"Nilisema moja! Nilikwambia wewe peke yako, tena kwa siri, pale nyuma ya kisima. Nilisema Mama Ratri asipate sifuri, ni aibu, nenda kampe moja."

"Nikampa. Halafu nikafikiri, moja nayo ni aibu. Ikiwa moja, watu watasema amejipigia mwenyewe. Basi nikamwambia shemeji naye aongeze."

"Shemeji yupi?"

"Wote."

"Darsono!"

"Kwa siri, Kaka! Kila mmoja nilimwambia ni siri. Kumbe na wao wamewaambia wale wa kundi la mavuno. Kwa siri vilevile."

Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mkuu, hata mimi nilimpa. Nilimwona amekaa tangu asubuhi hajala hata kipande cha tempe, roho ikaniuma. Nikasema, wewe Mkuu unazo nyingi, moja hutaisikia."

"Na mimi!" sauti nyingine ikatoka nyuma. "Mke wangu alinikanyaga mguu mpaka nikaahidi!"

"Na mimi nilidhani niko peke yangu!"

"Wewe? Nilidhani mimi ndiye niko peke yangu!"

Siwezi kuwalaumu. Wedisari watu wanaweza kugombana miezi sita juu ya mfereji wa maji, lakini hawawezi kumtazama mtu akirudi nyumbani na sifuri mbele ya majirani. Ubaya ni kwamba kila mmoja alidhani yeye tu ndiye mwenye moyo.

Bu Kuswati alisikia yote. Uso wake ukashuka.

"Kwa hiyo hawa tisini na sita si wangu," akasema polepole. "Wamenihurumia tu."

Mwalimu Tasripin, aliyekuwa anavunja lakiri ya sanduku la pili, akajibu bila kuinua kichwa. "Karatasi haina mahali pa kuandika sababu, Bu. Tundu ni tundu."

Sanduku la chini likafunguliwa.

"Muhogo!"

"Halali!"

"Muhogo!"

"Halali!"

Wanawake wa uduvi walikuwa wamesimama pamoja upande wa kulia, na Ratri katikati yao. Kila Mwalimu aliposema muhogo, ile "halali" yao ilitoka kama ngoma. Sabini na tano za tofauti zikawa sitini. Sitini zikawa arobaini. Pak Rasmadi aliomba maji. Akaomba tena.

"Unaumwa?" mkewe akamwuliza.

"Joto tu."

"Chukua kitambaa changu."

Akakichukua, akajifuta, akamrudishia. "Asante," akasema kwa unyonge, na hapohapo ikaitwa muhogo nyingine.

Zilipobaki karatasi chache, tofauti ilikuwa kumi na nne. Ndipo Mwalimu Tasripin akainua karatasi juani.

Akaigeuza. Akaisogeza karibu na miwani.

"Ina matundu mawili," akasema. "Moja kwenye shavu la Bu Kuswati. Moja kwenye shavu la Pak Rasmadi."

"Huyo anataka wagawane kiti!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka.

Iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Na iliyofuata. Mwalimu aliziweka pembeni moja baada ya nyingine, na kicheko kikawa kinapungua kwa kila karatasi, mpaka zikafika ishirini na tatu.

"Imeharibika!" Darsono akapaza sauti. "Matundu mawili ni kura iliyoharibika! Sheria iko wazi!"

"Bado sijasema," Mwalimu akajibu. Akaikunja karatasi moja kama ilivyokuwa imekunjwa asubuhi, mara mbili. Akaifungua mara moja tu. Uso wa Bu Kuswati ukaonekana, ila uso wa mumewe ulibaki umekunjwa nyuma yake, shavu kwa shavu. Msumari ukipita hapo unawachoma wote wawili.

"Ni nani huyu aliyefungua karatasi nusu?" Mwalimu akauliza.

"Mimi," akajibu Mbah Kasminah.

Mbah Kasminah ndiye mkongwe wa watwangaji wa terasi, na zamani alikuwa mkunga. Alisogea mbele akiegemea bega la Ratri, bila aibu hata kidogo.

"Bibi, kwa nini hukuifungua yote?"

"Niifungue yote ya nini? Nilifungua kidogo, nikaona uso wa Bu, nikatoboa. Nilishampata niliyekuwa namtafuta. Niendelee kutafuta nani tena?"

"Na hizi nyingine ishirini na mbili?"

"Nimewafundisha wenzangu. Niliwaambia ukifungua yote, jirani ataona. Siri ni siri."

Wanawake ishirini na wawili wakatazama chini kwa pamoja.

Mwalimu Tasripin akavua miwani. Akasoma kifungu kwa sauti, neno kwa neno, kisha akakisoma tena. Tundu likigusa wagombea wawili, kura imeharibika.

"Tasripin!" Mbah Kasminah akamwita bila ualimu wake. "Kitovu chako nilikikata mimi kwa mkono huu. Leo unaniharibia kura yangu?"

"Umeiharibu mwenyewe, Bibi. Nisamehe."

Bu Kuswati alifumba macho. Ishirini na tatu. Karatasi zilizobaki sandukuni ni kumi na tano, na mumewe anaongoza kwa kumi na nne. Aliuona uwanja wa uduvi ukigeuka maji. Aliona begi la Ratri mlangoni.

Darsono alikwishawasha sigara nyingine.

"Muhogo!"

"Halali," watu wakaitikia kwa uvivu.

"Muhogo!"

"Halali."

"Muhogo!"

Karatasi zile kumi na tano zilikuwa za chini kabisa ya sanduku. Waliozitia ni wale waliofika kwanza alfajiri, na wanaofika kwanza alfajiri pale Wedisari ni wanawake wa uduvi, kwa sababu jua likipanda lazima wawe wanaanika. Hao hawakufundishwa na Mbah Kasminah. Yeye aliamka saa tatu.

"Muhogo!"

"Halali!"

Darsono akaisahau sigara mkononi. Pak Rasmadi alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya goti.

"Muhogo!" akasema Mwalimu Tasripin kwa mara ya kumi na tano, akalipindua sanduku juu chini na kulipiga kitako. Halikutoa kitu.

Mpunga, mia mbili sitini na tatu. Muhogo, mia mbili sitini na nne.

Kuku mmoja akapita mbele ya jukwaa, na watu wakampisha.

Kisha wanawake wakalipuka. Ratri alikuwa anaruka, Mbah Kasminah amening'inia begani kwake.

"Hesabu upya!" Darsono akafoka.

Wakahesabu upya. Ikawa ileile.

"Basi zile ishirini na tatu zihesabiwe! Haiwezekani zikose hata mbili za mpunga!"

"Zihesabiwe!" Mbah Kasminah akadakia kwa furaha. "Zihesabiwe, mwanangu! Wenyewe tuko hapa wote. Yangu ni ile ya shavuni, naitambua!"

Darsono akawatazama wale wanawake ishirini na watatu. Midomo yake ikasogea kidogo, kama mtu anayefanya hesabu.

"Zisihesabiwe," akasema.

Umati ukaangua kicheko mpaka turubai la jukwaa likatikisika. Darsono akageuka mwekundu, akapanda ngazi ya jukwaa, akaelekeza kidole kwa watu wote.

"Kura moja! Moja tu! Ni mpumbavu gani huyo? Namtaka kwa jina! Mtu anakula wali wetu majuma matatu, halafu..."

"Darsono, nyamaza," Pak Rasmadi akasema.

"Sinyamazi, Kaka! Angebadilisha huyo mmoja tu, sisi tungekuwa mia mbili sitini na nne, wao sitini na tatu!"

"Nimekwambia nyamaza."

Masikio ya Pak Rasmadi yalikuwa yameiva kama pilipili. Bu Kuswati alimtazama. Wameoana miaka ishirini na miwili. Anamjua akiwa na homa, anamjua akidanganya, na anamjua akiwa amefanya jambo zuri ambalo hataki lijulikane.

"Baba Ratri," akasema.

"Nini?"

"Ni wewe."

Mume akatazama ncha za viatu vyake.

"Nilidhani utapata sifuri," akasema. "Nilimwambia Darsono, lakini Darsono husahau. Nikaona nihakikishe mwenyewe. Sikutaka urudi nyumbani na sifuri, watu wote wanakuona."

Bahati mbaya kipaza sauti cha kamati kilikuwa mezani mbele yao, na hakuna aliyekuwa amekizima.

Maneno yale yalipita juu ya uwanja, yakafika msikitini, yakafika mpaka kwa muuza supu ya vitonge vya nyama kwenye kona ya barabara. Darsono akakaa chini, palepale kwenye ngazi. Mzee wa mstari wa mbele akaanza kucheka, akaishia kujifuta macho.

Bu Kuswati akafanya jambo ambalo wanawake wa umri wake hawalifanyi hadharani. Akamshika mumewe mkono.

"Asante," akasema.

"Usinishukuru. Inaniuma mpaka kwenye meno."

Mwalimu Tasripin akamwita mshindi atie sahihi fomu ya matokeo. Bu Kuswati akatia sahihi kwa herufi za shule ya msingi, moja moja. Kisha akakisogelea kipaza sauti. Hakuwa ameandaa hotuba. Muhogo haukutakiwa kuwa na hotuba.

"Uwanja wa uduvi haukodishwi," akasema. "Ni hilo tu."

Kelele za wanawake zikawainua kunguru wote kwenye mikoko.

Lakini Pak Rasmadi hakupiga makofi. Alikuwa amebadilika rangi, na safari hii haikuwa aibu. Alimvuta mkewe mkono wa kebaya, na kabla ya kusema lolote akakizima kile kipaza sauti kwa kidole chake mwenyewe.

"Mama Ratri, kaa kwanza."

"Nini tena?"

"Ule uwanja. Nilishatia sahihi."

"Lini?"

"Kabla ya kampeni."

"Uliniambia ni maneno ya vibandani!"

"Yalikuwa maneno ya vibandani," akasema kwa unyonge. "Ila ya kweli."

Bu Kuswati akauchomoa mkono wake. "Utaenda kuivunja hiyo sahihi. Leo hii."

"Siwezi. Jina langu halimo. Wameandika 'Mkuu wa Kijiji cha Wedisari'. Anayekalia kiti siku ya kukabidhi ndiye anayekabidhi."

"Na siku ya kukabidhi ni lini?"

Pak Rasmadi akaelekeza kidevu mbele. Alikuwa anatazama barabara.

Gari dogo la mizigo lilikuwa linakuja polepole kutoka upande wa barabara kuu, limebeba ubao mkubwa wa maua, mawaridi mekundu na ya njano, wa kupongeza. Maandishi yake yalisomeka tangu mbali: HONGERA PAK RASMADI KWA USHINDI. Nyuma yake lilikuja lori refu. Juu ya lori, limefungwa kwa minyororo, lilikuwa tingatinga la kuchimbia mabwawa.

Watu wakapisha, bila kujua wanapisha nini.

Kijana mmoja wa kampuni, shati jeupe, viatu visivyojua tope, akashuka na mkoba. Akamwendea Pak Rasmadi moja kwa moja, mikono miwili mbele.

"Hongera, Mkuu! Tulisema tusikuchoshe, tuje tumalize leoleo. Sahihi moja ya makabidhiano, mashine zinaanza asubuhi."

Pak Rasmadi akarudisha mikono nyuma. "Si mimi."

"Samahani?"

"Mkuu si mimi."

Kijana akacheka kwa adabu. Akautazama ubao wa maua. Akautazama ubao wa kura. Akausoma tena ubao wa kura.

"Basi ni nani?"

"Mimi," akasema Bu Kuswati.

Kijana alikuwa mwepesi. Hakupoteza hata pumzi. Akageuka, akainama vizuri, akafungua mkoba, akautandaza mkataba juu ya meza ya kura, akatoa kalamu na kumpa kwa mkono wa kulia.

"Hongera sana, Bu. Ni hapa chini tu."

"Mama!" Ratri akapiga kelele kutoka chini. "Mama, usiishike!"

Bu Kuswati akamtazama binti yake. Akamtazama mumewe, aliyekuwa amefumba macho. Akainama, akausoma mkataba mstari wa kwanza, wa pili, akafika wa saba, akarudi kuusoma wa saba tena kidole kikiwa juu yake.

Kisha, mbele ya wanawake wote arobaini wa uduvi, akanyoosha mkono na kuipokea ile kalamu.

Itaendelea.